Kabla ya Kusema Ni Kadari

 

Ndugu zetu Waislamu, na hasa mama na dada zetu: katika miji yetu ya pwani ni shida leo kupata mtaa usio na rundo la kokoto kando ya njia. Kuanzia Likoni hadi Kisauni, kutoka Mtwapa hadi Malindi, nyumba za chini zapandishwa ghorofa, vyumba vya kupangisha vyaongezwa uani, misikiti yapanuliwa, na madrasa zahamishwa kutoka mabandani hadi majengo ya mawe. Hiyo ni neema, nasi twamshukuru Mola kwayo. Lakini leo twataka kuzungumza habari ya wale walio juu ya majengo hayo: mwashi, msaidizi wake, na kibarua apandaye ngazi akiwa na karai la zege kichwani.

Twalileta jambo hili katika jarida la familia kwa sababu moja. Ujenzi mwingi hapa kwetu hauendeshwi na kampuni kubwa zenye wahandisi na maofisa wa usalama. Huendeshwa na familia. Ni mama aliyeweka akiba kutokana na biashara yake ya nguo. Ni dada aliye Jeddah au Doha, atumaye fedha kila mwezi ili kakake amsimamie. Ni warithi waliokubaliana kuijenga upya nyumba ya marehemu baba yao. Ni kamati ya msikiti. Hawa humwita fundi wamjuaye, wakapatana naye kwa mdomo, naye akaja na vijana wake. Basi tunapouliza ni nani aliyemweka kijana yule pale juu, jawabu haliko mbali. Ni sisi tuliomweka, na aliyewekwa ni amana.

Kijana huyo anapoanguka, neno la kwanza tulisikialo ni kwamba ajali haina kinga, na la pili ni kwamba hiyo ni kadari ya Mungu. Neno la pili ni la haki. Kuamini kadari, kheri yake na shari yake, ni katika nguzo za imani, na asiyeiamini hana imani. Lakini neno la haki laweza kutiwa mahali pasipokuwa pake. Kadari ni faraja ya aliyefiwa na ni subira ya aliyevunjika mguu. Haikuletwa iwe hati ya kumwondolea lawama aliyezembea.

Sote tumesomeshwa tangu udogoni kisa cha bedui aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kama amwache ngamia wake bila kumfunga kisha atawakali, naye akaelekezwa amfunge kwanza ndipo atawakali. Mpangilio huo ndio dini yenyewe: kamba hutangulia, tawakali hufuata. Na yamepokewa katika Hadithi sahihi kwamba Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) alipokuwa safarini kwenda Sham alifika mahali paitwapo Sargh, akaambiwa kuwa tauni imeingia katika nchi ile. Akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubaida (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamfahamisha kuwa wanatoka katika kadari ya Mungu na kuingia katika kadari ya Mungu, kisha akampigia mfano wa mchungaji aliye na bonde lenye pande mbili, mmoja wenye malisho na mwingine mkavu: popote atakapowapeleka ngamia wake atakuwa katika kadari. Basi mbao iliyooza ni kadari, na mbao mpya ni kadari vilevile. Mwenye nyumba ndiye aliyepewa hiari ya kununua.

Miaka michache iliyopita tulikwenda kutoa rambirambi katika nyumba moja. Marehemu alikuwa kibarua, baba wa watoto watatu, aliyeanguka kutoka ghorofa ya pili baada ya mbao aliyoisimamia kukatika. Mwenye jengo alikuwepo, mtu wa swala na sadaka, na alikuwa akirudia kuwa ni kadari, siku yake ilifika, nasi sote tukiitikia. Mjane, aliyekuwa katika eda, akasema kutoka nyuma ya pazia: "Shekhe, naomba kuuliza jambo moja. Marehemu aliniambia tangu wiki iliyotangulia kuwa ile mbao imeoza, na kwamba walishamwambia msimamizi. Mbao mpya ni bei gani?" Baraza zima likanyamaza. Hatukulisimulia hili ili kumfedhehi mtu, na hatutamtaja mtu. Tumelisimulia kwa sababu swali la mama yule halijibiwi kwa kutaja kadari. Hujibiwa kwa kutaja shilingi, na kila mwenye kujenga anajua kwamba shilingi za mbao ile ni chache kuliko za vigae vya urembo kibarazani.

Sheria yetu tukufu haikuliacha jambo hili wazi. Mtume (s.a.w.) ametahadharisha mtu kulala usiku juu ya dari isiyo na kizuizi, na akabainisha kwamba mwenye kufanya hivyo dhamana imemwondokea. Tazameni, haya ni mafundisho ya karne 14 zilizopita kuhusu ukingo wa dari, nasi leo twawasimamisha watoto wa watu kwenye ukingo wa ghorofa ya tatu bila hata ubao wa kuwazuia. Na wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo tuliyolelewa nayo hapa pwani, wameandika katika milango ya diya na dhamana kwamba mwenye kuchimba kisima katika njia ya watu bila haki, akatumbukia mtu, atabeba dhamana. Vilevile mwenye kujenga ukuta ulioelemea njiani, ukamwangukia mpita njia. Hawakusema kuwa kwa vile maiti alikuwa na ajali yake, basi mwenye ukuta hana neno. Walitambua kadari, kisha wakauliza: ukuta ni wa nani, na aliujengaje?

Kuna na jambo jingine ambalo husemwa sana msibani. Imethibiti kuwa afaye kwa kuangukiwa na jengo ni miongoni mwa mashahidi. Hii ni bishara kubwa kwa wafiwa, nasi huitaja kila tunapotakiwa. Lakini daraja ya marehemu mbele ya Mola wake ni yake yeye. Hairithiwi na mwenye jengo. Aliyekufa maji naye ni shahidi, wala hakuna asemaye kuwa nahodha aliyejaza watu katika mashua mbovu amefanya ihsani kwa kuwapatia shahada.

Mfano wa wazi tuliupata mahali patukufu kuliko pote duniani. Siku ya Ijumaa, tarehe 11 Septemba 2015, katika msimu wa Hija, kreni kubwa ya ujenzi ilianguka ndani ya Msikiti Mtukufu wa Makka wakati wa dhoruba ya upepo na mvua, na waumini zaidi ya 100 wakafariki. Ni siku gani bora kuliko Ijumaa, na ni mahali gani bora kuliko Haram? Lau kama ubora wa mahali ungetosha kuwa kinga, ungetosha pale. Na lau kama kutaja kadari kungetosha kuwa jawabu, hakuna aliyestahiki zaidi kuridhika nalo kuliko watu wa mji ule. Lakini uchunguzi ulifanywa, na ikaelezwa kuwa mkono wa kreni ile ulikuwa umeachwa umeinuliwa hali haufanyi kazi, kinyume cha maelekezo ya matumizi yake. Mfalme akaamuru familia za waliofariki zilipwe fidia, riyali milioni 1 kwa kila aliyefariki. Hivyo ndivyo Waislamu wanavyopaswa kufanya: wakasema inna lillahi, kisha wakauliza ni nani aliyeuacha mkono wa kreni juu.

Sasa na tuje kwenye majengo yetu madogo, maana huko hakuna kreni, na mauti huja kwa njia nyonge zaidi.

Ya kwanza ni kuanguka. Jukwaa la miti na mbao linalosimamiwa na waashi lafaa kufungwa kwa kamba au misumari madhubuti, likae juu ya ardhi ngumu au vipande vya mbao badala ya kuinuliwa juu ya matofali yaliyopangwa, na liwe na ubao wa kuzuia mtu kwa kimo cha kiuno. Ngazi isisimamishwe wima kama mnazi. Kila mita 4 za kwenda juu, mguu wake utoke ukutani mita 1, na kichwa chake kifungwe kisiteleze. Upepo wa kusi unapovuma, shughuli ya kupanda na kuezeka mabati iahirishwe, kwani bati moja mikononi mwa mtu ni tanga.

Ya pili ni slabu. Familia nyingi huwa na haraka, ama kwa sababu ya harusi iliyokaribia au kwa sababu mpangaji ameshalipa. Zege haijui harusi. Hukomaa kwa siku na kwa kunyweshwa maji, na wahandisi huipima nguvu yake kamili katika siku ya 28. Anayeng'oa miti ya kuegemeza slabu baada ya siku 4 ili akaitumie kwingine ameitundika dari juu ya vichwa vya watu. Siku ya kung'oa na aitaje mhandisi au fundi mwenye ujuzi, isitajwe na tarehe ya harusi.

Ya tatu ni mashimo. Ardhi yetu sehemu nyingi ni mchanga, na mchanga hauna ahadi, sembuse baada ya mvua za masika. Mita 1 ya mchemraba ya udongo ina uzito upitao tani 1, na aliyefunikwa hadi kifuani hushindwa kupumua hata kama kichwa chake kiko nje. Shimo la choo lenye kina cha kumpita mtu lafaa kushikiliwa kwa mbao pande zake, na udongo uliotolewa utupwe mbali na ukingo. Na kisima kina hatari nyingine isiyoonekana. Pampu ya petroli ikiteremshwa ndani ya kisima au ikiwashwa mdomoni mwake, moshi wake wenye sumu hujaa chini. Wa kwanza akishuka huzimia, nduguye akashuka kumwokoa, kisha wa tatu, na nyumba moja ikatoa majeneza matatu. Injini na ikae juu, mbali na mdomo wa kisima, na asishuke mtu asiyefungwa kamba inayoshikwa na walio juu.

Ya nne ni stima. Chuma kirefu kinapoinuliwa kupelekwa ghorofani karibu na nyaya zipitazo barabarani, hakuna haja ya kugusana sana. Ghorofa iliyosogezwa hadi chini ya nyaya ni hatari kwa anayejenga leo na kwa mtoto atakayeanika nguo pale kesho.

Kisha kuna madogo yanayodharauliwa. Msumari uliobaki kwenye mbao huleta pepopunda. Saruji mbichi huchoma ngozi, na chokaa ikiingia jichoni yaweza kupofua, basi yawepo maji safi ya kunawia, na mipira ya mikononi, na viatu vya kufunika mguu badala ya malapa. Kofia ngumu ni ya kumkinga aliye chini na jiwe la aliye juu. Na jua letu la kaskazi si la kuchezewa. Katika mwezi wa Ramadhani vijana wetu hubeba mawe huku wamefunga, na mwenye huruma huwaanzisha kazi baada ya swala ya Alfajiri na kuwaachilia kabla ya jua kukolea, bila kuwapunguzia ujira.

Tena kuna sababu iliyo nyuma ya sababu zote hizi, nayo ni namna tunavyolipa. Kibarua hulipwa kwa siku. Akijichoma msumari na kwenda zahanati, siku hiyo imepotea na watoto watalala na njaa. Kwa hivyo hufunga kitambaa akaendelea, na jeraha likaoza. Akiona mbao imeoza, huogopa kusema asije akaambiwa kuna wengine wanaotafuta kazi. Mtume (s.a.w.) ametuamuru kumpa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Na kwa fahamu yetu, ni katika roho ya amri hiyo kwamba aliyejeruhiwa katika kazi yako asikose ujira wa siku hiyo. Mlipeni, na mtaona jinsi vijana watakavyokuja kuwaeleza hatari kabla haijawafika.

Mama na dada zetu, hapa ndipo nguvu yenu ilipo. Wengi wenu ndio mshikao mfuko wa ujenzi. Kabla ya kutoa malipo ya wiki, ulizeni: jukwaa limekaguliwa na nani leo? Mbao mbovu zimetengwa? Miti ya slabu itakaa siku ngapi? Kuna sanduku la huduma ya kwanza? Nani mwenye umri mdogo hapa? Sheria ya nchi hairuhusu mtoto wa chini ya miaka 18 kuwekwa katika kazi ya hatari, na kazi ya mjengo ni katika hizo. Wewe dada uliye ughaibuni, usitosheke na picha ya ukuta uliopanda. Takeni picha ya ngazi na ya jukwaa pia. Fundi asiulizwaye huona kuwa kinachotakiwa kwake ni urefu wa ukuta peke yake. Nao akina mama wanaowapelekea vibarua chai na mahamri wasiingie chini ya kuta zinazojengwa wakiwa na watoto mgongoni. Na wawekewe mahali pa kuuzia, mbali na mawe yaangukayo.

Akianguka mtu, twaomba sana asinyanyuliwe kwa mikono na miguu na kukunjwa ndani ya tuktuk. Aliyeumia shingo au uti wa mgongo aweza kupooza kwa huruma ya namna hiyo. Aachwe alale alivyo, kichwa chake kishikwe kisitikisike, damu izuiwe kwa kitambaa safi, na gari la wagonjwa liitwe. Pasipo budi kumhamisha, abebwe juu ya ubao mpana akiwa amenyooka.

Na baada ya hapo kuna haki. Tangu mwaka 2007 Kenya ina sheria mbili zinazohusika: moja ya usalama na afya kazini, na nyingine ya fidia kwa wanaoumia kazini. Kibarua hatolewi katika haki hiyo kwa kuwa mkataba wake ulikuwa wa mdomo. Mwajiri anatakiwa kuiarifu idara ya serikali inayohusika na usalama kazini, na warithi wa aliyefariki wana fidia iliyowekwa na sheria, nayo ni sawa na mapato yake ya miezi 96. Madai yasicheleweshwe kupita miezi 12. Twayataja haya kwa sababu tumeona wajane wakiletewa bahasha siku ya hitima na kuombwa watie sahihi kuwa yamekwisha. Bahasha ya ubani ni sadaka, na haki ni deni. Mjane asitie sahihi karatasi yoyote katika siku za msiba kabla ya kumwonyesha mtu mwenye ujuzi na asiyekuwa upande wa mwajiri. Na mwajiri mwenye kumcha Mungu asisubiri kudaiwa.

Tumalizie na majengo ya Mwenyezi Mungu. Siku ya kumwaga slabu ya msikiti huwa kama sikukuu. Takbiri husikika, pilau hupikwa, na wanafunzi wa madrasa hupangwa mstari kupokezana ndoo za zege. Nia ni njema, lakini nia njema haiishiki mbao. Watoto wakae chini, mbali na jengo, wafanye kazi ya kugawa maji. Na kila kamati isomapo bajeti ya michango baada ya swala ya Ijumaa, pamoja na mazulia, vipaza sauti na mnara, isomwe pia mbao za jukwaa, kofia, mikanda ya usalama na bima ya wafanyakazi. Twaamini kuwa mwenye kutoa shilingi yake kununua ubao utakaomzuia mtu asianguke, hakutoa chini ya aliyenunua zulia la mihrabu. Mola wetu ametufundisha kuwa kuihuisha nafsi moja ni kama kuwahuisha watu wote.

Basi mwenye kuanza msingi wiki hii, na mwenye kuezeka, na asome Bismillahi, kisha apande mwenyewe kwa macho yake atazame pale atakapowasimamisha watoto wa wenzake. Akipaona pafaa mwanawe wa kumzaa kusimama, na awaite waanze kazi. Akipaona hapafai, na awape ruhusa wanywe chai huku akitafuta mbao.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia katika kazi hii ya halali, awape shifaa waliolala vitandani kwa sababu yake, awape wajane na mayatima wao stara na haki, na azijaalie nyumba zetu ziwe zimejengwa bila ya dhuluma ya damu ya mtu. Amin.

Wabillahi taufiki.